Bwawa, Ukuta na Mlima: Msiba wa Vajont

Neno bwawa katika Kiswahili hubeba maana mbili ambazo kwa kawaida hazitenganishwi: maji yaliyozuiwa, na ukuta uyazuiao. Katika mazungumzo ya kila siku hapana madhara. Walakini mhandisi wa umeme wa nguvu za maji hana budi kuzitenga, na kuongeza jambo la tatu, yaani mlima uyazungukao maji hayo; kwani mlima nao ni ukuta, ingawa haukujengwa na mtu.

Kisa cha Vajont, kaskazini mwa Italia, chadhihirisha haja ya utengano huo. Ukuta wake wa zege, wenye kimo cha karibu mita 262, ulianza kujengwa mwaka 1957 katika bonde jembamba. Usiku wa tarehe 9 Oktoba 1963, saa 4:39, ubavu wa mlima Toc uliporomokea ziwani, kiasi cha mita za ujazo milioni 270. Maji yaliruka juu ya ukuta kwa zaidi ya mita 100, yakauangukia mji wa Longarone na vijiji jirani. Watu wapatao 2,000 walikufa. Ukuta wenyewe haukuvunjika. Wasimama hata leo.

Mwamba hushikilia mteremko kwa msuguano, na msuguano hutokana na uzito unaobana tabaka la juu juu ya lile la chini. Maji yaingiapo katika nyufa hayalainishi tu, kama wengi wadhanivyo. Kazi yake kubwa ni kusukuma. Hulibebea tabaka la juu sehemu ya uzito wake, mbano ukapungua, na msuguano pia. Karl Terzaghi ndiye aliyeieleza kanuni hii kihesabu katika miaka ya 1920.

Mlimani Toc palikuwa na jingine zaidi. Baina ya tabaka za mawe ya chokaa mlikuwamo utando wa udongo wa mfinyanzi, jambo lililobishaniwa sana hata uchunguzi wa Hendron na Patton wa mwaka 1985 ulipolithibitisha. Mfinyanzi uliokwisha kusuguliwa una mshiko hafifu. Na ubavu ule ulikuwa umewahi kuporomoka zama za kale, kama mwanajiolojia Edoardo Semenza alivyotambua kabla ziwa halijajazwa.

Dalili hazikukosekana. Novemba 1960 sehemu ya mita za ujazo 700,000 iliporomoka, na ufa wa kilometa mbili hivi ukatokea mlimani. Wahandisi waliona kuwa maji yakipanda mlima husogea, yakishuka hutulia. Wakaamini kwamba wangeuongoza kwa kina cha ziwa. Hapo ndipo penye kosa. Ziwa lishushwapo, maji yaliyomo ndani ya mwamba hukawia kutoka, yakaendelea kusukuma ilhali yale ya nje, yaliyouegemeza mguu wa mlima, yamekwisha ondoka. Maji yalianza kushushwa mwishoni mwa Septemba 1963, lakini mlima haukutulia. Mwishowe ulikuwa ukienda sentimita 20 hivi kwa siku.

Jina Toc huhusishwa na neno patoc la Kifriuli, lenye maana ya kilichooza. Jina la mahali si ushahidi wa kijiolojia, lakini lilistahili kuulizwa. Hofu ya wanavijiji iliandikwa gazetini na Tina Merlin. Akashtakiwa kwa kueneza habari za uongo, na mahakama ikamwachilia mwaka 1960.