Diski ya Ndani ya Tarakilishi Katika Joto na Vumbi la Voi

Anayenunua diski ya ndani ya tarakilishi mjini Voi, yaani kifaa kinachotunza faili na programu hata mashine inapozimwa, hutajiwa kwanza ukubwa na kasi, ilhali swali linalostahili kutangulia ni mashine yenyewe inapokea diski ya aina gani. Vipakatalishi vingi vinavyouzwa nchini Kenya baada ya kutumika ng'ambo viliundwa kabla ya diski za kasi kubwa kuenea, na diski isiyo na tundu lake ndani ya mashine haina faida yoyote kwa mnunuzi.

Diski ngumu ya kawaida ina sahani zilizopakwa utando wa sumaku, ambazo katika vipakatalishi aghalabu huzunguka mara 5,400 kwa dakika, sawa na mara 90 kila sekunde, huku kichwa cha kusomea kikielea juu yake kwa nafasi nyembamba kuliko hata chembe ya vumbi. Kipakatalishi kilichoachwa kikifanya kazi ndani ya matatu inayopanda kutoka Mwatate kwenda Wundanyi kikipata mshtuko mkali, kichwa hicho chaweza kuigusa sahani na kuikwaruza, na yaliyoandikwa hapo yakapotea. Vumbi jekundu, lile lile linalowapa ndovu wa Tsavo rangi yao, hulaumiwa zaidi ya linavyostahili: diski imefungwa, na kitundu chake cha hewa kina chujio. Madhara ya vumbi hupitia kwenye feni, ambayo ikizibwa joto hupanda ndani ya mashine nzima, na joto la Voi, mji ulio bondeni chini ya Milima ya Taita, halisaidii kulipunguza.

Diski ya aina ya pili, SSD, haina kitu kinachozunguka, kwa kuwa huhifadhi data katika chipu za flashi, teknolojia iliyobuniwa na Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba katika miaka ya 1980. Aina inayotumia SATA, njia ya mawasiliano iliyomo hata katika mashine za zamani, huwa ni kijisanduku bapa cha inchi 2.5 kinachokaa pale pale ilipokuwa diski ngumu, na husoma takriban megabaiti 550 kwa sekunde, ambapo diski ngumu ya kipakatalishi husoma kama 100. Aina ya NVMe huja kama kibao chembamba, mara nyingi chenye upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80, na nyingi hupita megabaiti 3,000. Hapa pana mtego: zipo SSD za SATA zenye umbo hilo hilo la kibao, na kinachozitofautisha kwa kawaida ni pengo kwenye ukingo wa meno ya dhahabu, kwani ya NVMe huwa na pengo moja na ya SATA mawili.

Kwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taita Taveta anayeandika tasnifu, au mwenye duka la saiba anayewajazia wateja fomu za eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, SSD ya SATA ya gigabaiti 500 inatosha kabisa, na fedha za kununulia kasi zaidi zingefaa zitumike kwingine. NVMe za kasi kubwa hupata moto, na zikizidiwa hupunguza mwendo zenyewe, hivyo katika chumba chenye joto mnunuzi huenda asiipate kasi yote aliyoilipia. Hofu kwamba flashi huchakaa haraka nayo haina uzito: SSD ya ukubwa huo aghalabu hudhaminiwa kuandikiwa terabaiti 150 au zaidi, na anayeandika gigabaiti 20 kila siku angehitaji miaka 20 kuzimaliza.

Stima inayokatika ghafla ni jambo jingine, maana data iliyokuwa njiani kuandikwa yaweza kuharibika katika diski ya aina yoyote. Kipakatalishi hukingwa na betri yake, lakini tarakilishi ya mezani huhitaji UPS, kifaa chenye betri kinachoipa dakika chache za kuzimwa taratibu, na hapo ndipo akiba ile ingetumika vyema.

Diski ya zamani, ikiwa bado nzima, hutiwa katika kasha lenye waya wa USB ikawa mahali pa nakala ya pili. Nakala hiyo ni ya lazima hata kwa mwenye diski mpya, kwa sababu SSD inapokufa mara nyingi hufa ghafla, bila ule mlio wa kugongagonga ambao diski ngumu huweza kuutoa siku kadhaa kabla.