Kichwa Kikimuuma Anayetumia Warfarini



Mama mmoja katika kikundi tunachotembelea, ambaye alibadilishiwa valvu ya moyo, aligonga kichwa kwenye nguzo ya zizi. Hakutoka damu. Baada ya wiki mbili akaanza kuumwa kichwa na kusahau-sahau. Wenzake wakasema ni mawazo, wakamnunulia tembe dukani. Sisi tulimkuta anasinzia mchana, mkono mmoja umelegea. Picha ya hospitali ilionyesha damu imevujia juu ya ubongo. Alipasuliwa akapona, lakini ilibaki kidogo tu.

Warfarini humezwa na wenye valvu ya chuma, au walioganda damu mguuni, wengine maisha yao yote. Huzuia kazi ya vitamini K, ambayo ini hutumia kutengeneza vitu vya kugandisha damu. Kipimo chake, INR, kwa wengi hutakiwa kuwa kati ya 2 na 3. Wa valvu ya chuma mara nyingi huzidi hapo kidogo. Kikipanda mno, mshipa mdogo ukipasuka haujizibi upesi. Ukijikata jembe utaona damu. Ndani ya fuvu huoni kitu, na nafasi hakuna, basi damu inaukandamiza ubongo.

Damu yaweza pia kuvujia kwenye uti wa mgongo. Ni nadra, lakini mgongo au shingo ikiuma ghafla, kisha miguu ife ganzi au mkojo ukatae kutoka, msingoje kesho. Akichelewa huenda asitembee tena.

Jambo linalotusumbua ni hizi dawa za dukani. Aspirini na Brufen huongeza hatari ya kuvuja damu; Flagyl na Septrin huipandisha INR. Pombe nayo ni hivyo hivyo. Sukuma wiki ale, ila kiasi kisibadilike-badilike, kwani ina vitamini K nyingi.

Na jamani, asiache warfarini kwa woga! Damu itaganda kwenye valvu, donge lipande kichwani, apate kiharusi. Daktari ndiye wa kupunguza.

Akigonga kichwa, hata kama yu mzima, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo pamoja na kadi yake ya kliniki. Kikundi kile sasa kimetenga nauli ya gari kwa kazi hiyo, na mweka hazina ana nakala ya kadi ya yule mama.