Viumbe wa Kolo Hawana Mabawa

Mtoto wa Dodoma akiambiwa leo achore kiumbe wa hadithi za maajabu, aghalabu atachora kabinti kenye mabawa ya kipepeo. Picha hiyo imetoka kwenye katuni, na hata huko Ulaya ilikotoka si ya kale sana. Viumbe wa ngano za mashambani za Uingereza na Ireland kwa kawaida hawakuwa na mabawa. Walioyazoesha macho ya watu ni wachoraji, hasa wa karne ya 19. Mwaka 1917 mabinti wawili wa Cottingley, Uingereza, walipiga picha wakiwa pamoja na viumbe wa namna hiyo. Arthur Conan Doyle, mtunzi wa Sherlock Holmes, akaamini na kuzitetea hadharani. Wahusika walikiri mwaka 1983, uzeeni, kwamba vilikuwa vikaragosi vya karatasi walivyovichora na kuvikata wenyewe.

Uwanda wa kati wa Tanzania una viumbe wake, tena wa zamani kuliko hao. Wako kwenye miamba ya Kondoa, katika michoro iliyoingizwa na UNESCO kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Eneo lenyewe lina ukubwa wa kilomita za mraba 2,336, na sehemu yake maarufu kuliko zote ni Kolo, kwenye barabara ya kutoka Dodoma kwenda Babati.

Wakoje? Wengi ni wembamba kama njiti, warefu kupita kiasi, miili imechorwa kwa mistari mingi ya rangi nyekundu itokanayo na udongo wenye chuma. Nyuso hazina macho wala midomo. Maajabu yote yamewekwa kichwani: wengine wana kichwa kipana cha duara, wengine kimechongoka, na mtazamaji hawezi kuapa kama ni nywele, kofia au kinyago. Katika mchoro mmoja wa Kolo, mtu anayeonekana kuwa mwanamke amesimama katikati huku wengine wakimvuta mikono, huku na huku. Wawili wa upande mmoja wana vichwa visivyo vya kawaida. Mary Leakey, aliyenakili michoro ya Kondoa mwaka 1951, aliona hapo tukio la kutekwa. Wapo wataalamu wa baadaye wanaoona ngoma, na huyo wa katikati amepandwa, wenzake wanamshikilia asianguke. Kwa aliyewahi kuhudhuria ngoma ya pepo, tafsiri hii ya pili ndiyo yenye uzito.

Ushahidi mwingine ulipatikana juzi tu. Mwaka 2018 mwanaakiolojia wa Poland, Maciej Grzelczyk, alifika kwenye mwamba uitwao Amak'hee 4 ndani ya Pori la Akiba Swaga Swaga, na mwaka 2021 akachapisha taarifa zake katika jarida la Antiquity. Kati ya watu na wanyama waliojaa pale wamo watatu wenye mwili wa binadamu na kichwa kinachofanana na cha nyati: kimebonyea katikati, pembe zimepanda kutoka hapo, masikio yapo. Hakuna ng'ombe wa kufugwa katika mchoro huo, na rangi imechakaa, kwa hiyo umri wake ni wa karne kadhaa kwa uchache.

Wasandawe wa leo, wanaohusishwa na wachoraji hao, hawana imani ya mtu kugeuka nyati. Wanayo simbo, ngoma ambayo wachezaji hupandwa na kuwa simba. Kwa mila zao pia, mapango yalikuwa makao ya mizimu: hapakukatwa kuni, na waliokwenda kutoa sadaka walipaza sauti kueleza kwamba wamekuja kwa heshima, si kusumbua. Hata vunjajungu akitokea alihesabiwa kuwa mjumbe, na mganga aliulizwa ameleta habari gani.

Ndiyo maana dai la mitandaoni kwamba hawa wa kwenye michoro ni wageni wa sayari nyingine halina mashiko. Viumbe wa Kolo wamechorwa pamoja na twiga, tembo na pofu, wanyama ambao mwindaji aliwajua nyayo na kinyesi. Ni watu walio katikati ya kugeuka, si jamii nyingine ya viumbe. Mwandishi wa riwaya za kubuni au mchora katuni wa Kitanzania ana hazina hapo, na bado haijaguswa vya kutosha.

Anayetaka kuwaona aanzie pale Kolo apate mwongozaji. Asiumwagie mwamba maji ili rangi zikolee kwenye picha, kwa sababu maji huharibu michoro. Na akikuta dalili za sadaka katika pango la Mungumi, aziache zilivyo: wenyeji bado wanafanya matambiko hapo.