Mtoto anaporudi Kilwa na swali la Socrates

Kijana anapotoka Kilwa Kivinje kwenda kuanza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mara nyingi fedha ya nauli, godoro na matumizi imetoka kwenye ufuta, korosho au samaki. Ndiyo maana mzazi huguna akisikia kuwa mwanawe, kati ya masomo yote, anasoma falsafa. "Sasa hiyo itakupa kazi gani?" Wengine wana hofu kubwa zaidi: mtoto asije akarudi hana dini wala adabu.

Mtoto naye ana mzigo wake. Amepewa kitabu cha Plato, kilichoandikwa Ugiriki yapata miaka 2,400 iliyopita, nacho kiko katika tafsiri ya Kiingereza. Anasoma kurasa tano, habaki na kitu. Anaanza kuamini kwamba hana akili.

Tatizo si akili, ni mwendo. Vitabu hivi havisomwi kama gazeti. Mtoto wa pwani aliyewahi kukaa darsani anajua usomaji wa namna nyingine: mwalimu husoma sentensi moja, akaitafsiri, akaifafanua, na kitabu chembamba kikachukua miezi. Hakuna anayeona aibu kwenda polepole. Plato naye husomwa hivyo.

Wala si mgeni kabisa. Katika karne ya 9, wanazuoni wa Baghdad walitafsiri vitabu vya Wagiriki kwa Kiarabu. Huko Plato aliitwa Aflatuni, na Aristotle akaitwa Aristu. Neno falsafa lenyewe limefika kwenye Kiswahili kupitia Kiarabu. Imamu Ghazali aliwapinga vikali wanafalsafa, lakini kwanza aliwasoma.

Kwa anayeanza, Crito ni mlango mzuri, kwani husomwa chote kwa mkao mmoja. Ni mwaka 399 kabla ya Kristo. Socrates, mzee wa miaka 70, yuko gerezani Athens akisubiri kunywa sumu. Rafiki yake Crito anamjia alfajiri. Fedha za kumtorosha ziko tayari, na anamkumbusha kuwa akifa atawaacha wanawe yatima. Socrates anakataa. Sheria za mji zimemlea kama mzazi, anasema, na angeweza kuhama zamani kama hakuzipenda. Kwa kubaki, alizikubali.

Asome mara ya kwanza ili ajue nani anasema nini. Mara ya pili aandike daftarini kila hoja na sababu yake. Mara ya tatu atafute mahali anapoweza kubisha.

Na wa Kilwa ana pa kubishia. Mwaka 1905, katika milima ya Matumbi, watu waliolazimishwa kulima pamba waliikataa amri ya Wajerumani, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Je, wale nao walikuwa wameikubali sheria hiyo kwa kuishi katika ardhi ya babu zao? Hoja ya Socrates inawahusu, au inaishia Athens? Swali hilo halina jibu la kunakili, na ndilo linalofaa kuandikiwa insha.

Julius Nyerere alisoma kwa namna hiyo. Akiwa mwanafunzi Makerere katika miaka ya 1940, alichukua hoja za Mwingereza John Stuart Mill kuhusu wanawake kutawaliwa na wanaume, akazipima kwa maisha ya Wazanaki, watu wake. Insha hiyo ilipata zawadi ya kwanza.

Mzazi asidanganywe: falsafa haiahidi ajira. Inachofundisha ni kupima hoja na kuandika kwa mpangilio, na hayo yanahitajika katika sheria, ualimu, uandishi na utawala.

Mzazi naye anaweza kusaidia bila kujua Kiingereza. Mtoto akipiga simu, amuulize amesoma nini wiki hii, kisha amwache aeleze kwa Kiswahili chepesi. Akishindwa kumweleza bibi yake, bado hajaelewa, arudi kusoma.

Huenda mama wa Kivinje akawa upande wa Crito: "Na watoto, kamwachia nani?" Hapo mtoto asicheke. Socrates analijibu swali hilo mwishoni mwa kitabu. Amsomee mama yake jibu lenyewe, kisha amsikilize kama limemtosha.