Mishipa ya Damu na Kichocho cha Tumbo: Ufafanuzi wa Vena ya Lango kwa Mfano wa Mwambao wa Ziwa Victoria

Makala haya yanafafanua utendaji wa ateri, kapilari na vena kwa kufuata ugonjwa mmoja unaofahamika vyema Mwanza na katika visiwa vya Ziwa Victoria, yaani kichocho cha tumbo. Ugonjwa huu umechaguliwa kwa sababu kimelea chake, Schistosoma mansoni, huishi ndani ya mishipa ya damu yenyewe, na madhara yake makubwa hayaelezeki bila kuelewa tofauti za mishipa hiyo. Ikumbukwe kuwa neno mshipa katika Kiswahili cha kila siku hubeba maana nyingi, zikiwamo neva na hata ngiri. Hapa linatumika kwa njia za damu pekee.

Ateri hupokea damu kutoka moyoni kwa msukumo mkubwa. Kuta zake nene hutanuka moyo unaposukuma na kujirudi unapopumzika. Kwa mtu mzima mwenye afya, wastani wa msukumo katika ateri kubwa hukaribia milimita 90 za zebaki. Ateri ndogo kabisa ndizo zinazoushusha msukumo huo kabla damu haijaingia katika kapilari, ambazo ukuta wake ni wa tabaka moja la seli na upana wake takribani mikromita 5 hadi 10. Vena huikusanya damu hiyo zikiwa na kuta nyembamba na msukumo hafifu, na zile za miguuni zina vali zinazozuia damu isirudi chini.

Kanuni ya vitabu vya shule kwamba vena hurudisha damu moyoni haitoshi. Damu itokayo kwenye utumbo na bandama hukusanywa na vena ya lango na kupelekwa kwanza kwenye ini, ambako vena hiyo hugawanyika tena kuwa mishipa midogo sana. Msukumo ndani yake ni milimita 5 hadi 10 tu za zebaki, na kwa mtu mzima kwa kawaida haina vali. Mambo haya mawili ndiyo yanayoamua hatima ya mgonjwa wa kichocho.

Mvuvi au mtoto anayeoga ziwani huko Ukerewe au Magu hupenywa ngozi na viluwiluwi vya kimelea vilivyotoka kwa konokono. Viluwiluwi hivyo hufuata vena hadi upande wa kulia wa moyo, hupita kapilari za mapafu, hurudi upande wa kushoto na kusambazwa na ateri. Vinavyofika kwenye ini hukomaa humo. Kisha dume na jike huambatana na kupanda kinyume cha mkondo hadi kwenye vena za utumbo. Haishangazi kwamba Theodor Bilharz, alipowagundua minyoo wa kichocho mjini Cairo mwaka 1851, aliwakuta katika vena ya lango.

Minyoo wenyewe hawana madhara makubwa. Tatizo ni mayai. Jike mmoja huweza kutaga takribani mayai 300 kwa siku. Baadhi hupenya ukuta wa utumbo na kutoka na kinyesi, lakini mengine huchukuliwa na mkondo hadi kwenye ini. Yai lina urefu wa takribani mikromita 140, hivyo haliwezi kupita. Hunasa katika matawi ya mwisho ya vena ya lango, huzingirwa na seli za kinga, na baada ya miaka mingi mahali hapo hubaki kovu gumu.

Njia inapoziba, msukumo katika vena ya lango hupanda na bandama huvimba. Kwa kuwa hakuna vali ya kuizuia, damu hugeuka na kutafuta njia kupitia vena nyembamba za sehemu ya chini ya umio. Vena hizo hutuna na huweza kupasuka, mgonjwa akatapika damu nyingi ghafla. Wagonjwa wa aina hii hupokelewa katika Hospitali ya Bugando. Wakati huohuo seli za ini huendelea kulishwa na ateri ya ini, na kazi yake mara nyingi haiharibiki sana, tofauti na ilivyo katika ini lililosinyaa kwa pombe. Kwa sababu hiyo vipimo vya damu vya utendaji wa ini vinaweza kumdanganya tabibu, na picha ya ultrasaundi inayoonyesha makovu kandokando ya matawi ya vena ya lango ina uzito zaidi.

Prazikwanteli huua minyoo waliokomaa na huzuia mayai mapya, lakini haizibui papo hapo mishipa iliyokwisha kuzibwa na makovu. Mgonjwa aliyefikia hatua hiyo huhitaji pia kufungwa vena za umio kwa endoskopi au kupewa dawa za kupunguza msukumo, hata kama kinyesi chake hakina tena yai hata moja.