Uharibifu na ukarabati wa magari katika michezo ya mbio za magari ya kale

Uharibifu na ukarabati wa magari ni sehemu ya michezo ya video inayoiga mbio za magari ya zamani. Programu huhesabu madhara ya kila pigo, joto au kosa la dereva, kisha humpa mchezaji nafasi yenye mipaka ya kutengeneza gari lake. Kwa Afrika ya Mashariki mada hii inahusiana hasa na Safari Rally.

== Chanzo katika mbio halisi ==

Safari Rally ilianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Madereva walikutana na vumbi, matope, mawe na wanyama, hivyo aliyeshinda hakuwa lazima mwenye kasi kuliko wote, bali aliyefikisha gari lake mwisho. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, magari zaidi ya 80 yalianza lakini 7 tu yalimaliza. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki kwa Peugeot 404. Bert Shankland, aliyeishi Tanzania, alishinda miaka ya 1966 na 1967 kwa gari la aina hiyohiyo.

Hali kama hiyo inajulikana kwa kila dereva wa barabara za vumbi. Mtu anayesafiri mkoani Kigoma wakati wa mvua anajua kwamba springi iliyovunjika mbali na gereji ni tatizo kubwa kuliko kuchelewa kwa saa moja.

== Jinsi uharibifu unavyoigwa ==

Katika mchezo wenye uhalisia, kila kifaa muhimu cha gari hupewa kipimo cha uzima. Kipimo hicho hupungua gari linapogonga jiwe, injini inapozungushwa kupita kiasi au breki zinapopata moto. Matokeo yake huonekana katika mwendo: ekseli iliyopinda huvuta usukani upande mmoja, na rejeta inayovuja hupandisha joto mpaka injini izime.

Grand Prix Legends ya mwaka 1998 iliiga magari ya Formula One ya msimu wa 1967. Richard Burns Rally ya mwaka 2004 inajulikana kwa ukali wake: kosa dogo laweza kumaliza mashindano yote.

== Ukarabati ==

Michezo ya rali hufuata kanuni ya mbio halisi. Kati ya hatua gari huingia eneo la huduma, na kila kazi ya fundi hula dakika. Katika DiRT Rally ya mwaka 2015, ambayo ina magari ya zamani kama Mini Cooper na Lancia Fulvia, anayezidisha muda hupewa adhabu. Kwa hiyo mchezaji hulazimika kuchagua: kutengeneza giaboksi na kuacha taa, au kinyume chake.

== Kenya katika michezo ==

Kenya imo katika WRC 9 ya mwaka 2020. Mwaka huohuo Safari Rally yenyewe ilifutwa kwa sababu ya UVIKO-19, ikarudi mwaka 2021 katika eneo la Naivasha. Mchezo wa Art of Rally, unaohusu magari ya enzi za zamani, uliongezewa Kenya mwaka 2021.

== Uhalisia na burudani ==

Michezo mingi humruhusu mchezaji kupunguza uharibifu au kuuzima kabisa, na kurudisha gari barabarani kwa kubonyeza kitufe. Jambo hilo humsaidia anayejifunza, lakini hubadilisha maana ya mbio. Pasipo uharibifu, anayekwenda kasi bila kujali anaweza kushinda. Uharibifu ukiwepo, dereva mwangalifu anayepunguza mwendo kabla ya korongo hupata thawabu, kama ilivyokuwa kwa wale 7 waliofika mwisho.