Gurudumu la Kipanya Limeniponza!

Jamani kaka na dada zangu, kuna kadude kadogo kamenikosesha kazi, na usipokaangalia katakukosesha na wewe. Nazungumzia lile gurudumu la katikati ya mausi, au kipanya kama wenye Kiswahili chao wanavyosema. Si vile vya kupakia abiria!

Ilikuwa hivi. Niliingia steshenari moja karibu na Soko Kuu, hapa Arusha, kujaza fomu ya kazi kwenye kompyuta. Nikachagua mwaka niliomaliza kidato cha nne, 2018, kisha nikazungusha gurudumu nishuke chini. Kumbe bado nilikuwa ndani ya kile kisanduku cha mwaka. Badala ya ukurasa kushuka, mwaka ukaruka mpaka 2021! Sikuona. Nikatuma, nikalipa, nikapanda daladala ya Ngaramtoni huku napiga mluzi. Jibu lilipokuja: cheti na fomu haviendani. Kwisha kazi.

Nikamfuata binamu yangu mwenye laptopu ya Apple. Tukajaribu fomu ileile, mwaka ukatulia tuli. Lakini mimi nikapotea upya: nikivuta vidole chini, ukurasa nao unashuka, wakati gurudumu la steshenari ukilivuta chini ukurasa unapanda. Apple waligeuza mambo hivyo mwaka 2011, ati ukurasa ufuate vidole kama kwenye simu.

Kwa nini vurugu hii? Microsoft ndio waliolipa gurudumu umaarufu mwaka 1996. Lenyewe halisogezi ukurasa, linapeleka hesabu tu. Kwenye Windows, kila "tik" moja ni 120. Hapo brauza ndiyo inayoamua 120 hiyo ni mwendo gani. Chrome inahesabu nukta za kioo, Firefox kwa miaka mingi imewapa watengeneza tovuti hesabu ya mistari. Aliyetengeneza tovuti akipima kwa brauza moja tu, kwenye nyingine ukurasa utakimbia kama hauna breki, au utajikokota.

Sasa dawa. Ukishachagua kitu kwenye fomu, bonyeza kwanza sehemu tupu ya ukurasa, ndipo uzungushe gurudumu. Na kabla ya kutuma, rudi juu usome upya kila kisanduku, hata kama mwenye steshenari anakuangalia kwa jicho la saa yako imekwisha.

Mimi nimeshalizwa. Wewe shtuka! Tukutane wiki ijayo.